Wachungaji Nao Watatoa Hesabu

Somo: 1 Samweli 2:12–25 na 3:1–18

  Ikiwa Biblia yako iko karibu, ifungue katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa pili na wa tatu. Na kama watoto wako hapo sebuleni, usiwafukuze. Maneno ya leo yawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Jambo letu la leo ni zito, nasi hatutalizunguka. Twataka kuuliza hivi: mtumishi wa kanisa akimdhulumu mtoto, akimnajisi au kumtesa mwili wake, ni nani atakayemwuliza? Je, kanzu yake nyeupe na ukosi wake vyamfanya kuwa mtu asiyeulizwa?

Twamjua Hana. Alilia kwa miaka mingi kwa kukosa mtoto, na Mungu alipompa Samweli, alimpeleka katika nyumba ya Bwana kule Shilo akamwacha chini ya mikono ya kuhani Eli. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea. Hebu fikirini juu ya kanzu ile. Mama akaa nyumbani kwake mwaka mzima, akipima kwa mawazo mabega ya mtoto asiyemwona, na moyo wake umetulia kwa sababu aamini kwamba mtoto yuko mahali salama kuliko pote duniani. Yuko kwa Mungu.

Lakini Biblia haifichi mambo. Katika nyumba ile ile alimolala Samweli walikuwamo Hofni na Finehasi, wana wa Eli, nao walikuwa makuhani. Walinyakua nyama ya sadaka kabla haijatolewa kwa Bwana, na mtu akikataa walitishia kumnyang'anya kwa nguvu. Tena walilala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Hawa hawakuwa wezi waliovunja ukuta kutoka nje. Ndio waliosimama madhabahuni. Watu walijua, na Eli alijua. Aliwaita akawaonya kwa maneno mazuri, nao hawakusikia. Kisha Eli akarudi kukaa kitini pake, na wanawe wakarudi kazini.

Basi hapo ndipo twapata hukumu ya Mungu katika mlango wa tatu, aya ya 13. Mungu hakusema kwamba Eli mwenyewe alifanya uovu ule. Alimhesabia kosa lingine: alijua, wala hakuwazuia. Kwa macho ya Mungu, yule aliyeweza kuzuia akanyamaza amesimama upande wa mtenda uovu. Na onyo bila kizuizi halikumtosha Mungu.

Wapendwa, huenda mtu akasema, "Hayo ni mambo ya kale." La, sivyo. Hebu tutazame Kanisa la Uingereza, ambalo imani yetu ya Kianglikana ilitoka kwake, na ambalo watu wake waliunda chama cha CMS kilichomtuma Krapf hapa Mombasa mwaka 1844. Kanisa hilo limepita katika aibu kubwa, nasi yatupasa kujifunza kwalo kabla ya kulazimika kujifunza kwa machozi ya watoto wetu.

Alikuwako mwanasheria mashuhuri, jina lake John Smyth. Hakuwa kasisi, bali alikuwa na kibali cha kanisa cha kusoma na kuhubiri, tena alikuwa kiongozi katika kambi za Kikristo za wavulana wa shule. Katika miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, aliwachukua wavulana na vijana hadi kibanda kilichokuwa katika bustani yake, akawachapa kwa fimbo mpaka damu ikatoka, akidai kwamba awasaidia kushinda dhambi. Mwaka 1982 kasisi mmoja aliandika taarifa iliyoeleza mambo hayo waziwazi. Watu wachache waliisoma, na wengine wao walikuwa makasisi. Polisi hawakuambiwa. Baadaye mmoja wao alieleza kwamba aliona kazi ya Mungu ingepata hasara kubwa kama habari zile zingejulikana.

Basi walifanya nini na mtu yule? Aliachwa aondoke. Na alipoondoka alikuja wapi? Alikuja Afrika. Mwaka 1984 alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi za wavulana huko pia, akaendelea kuchapa watoto wa watu. Mwezi wa Desemba mwaka 1992, mvulana wa miaka 16 alikutwa amekufa katika bwawa la kuogelea kwenye mojawapo ya kambi hizo. Smyth alishtakiwa, lakini kesi ikavunjika. Akahamia Afrika Kusini. Alikufa Cape Town mwezi wa Agosti mwaka 2018, bila kusimama mbele ya hakimu yeyote kujibu habari za wale wavulana wa Uingereza.

Taarifa kamili ya uchunguzi ilitolewa tarehe 7 Novemba 2024. Ilionyesha kwamba wavulana na vijana zaidi ya 100 waliteswa, na kwamba tangu mwaka 2013 wakuu wa Kanisa walikuwa wameambiwa, wala hawakufuatia jambo hilo kama ilivyowapasa. Siku tano baadaye, tarehe 12 Novemba, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kwamba angejiuzulu, na mwezi wa Januari 2025 akaondoka katika kiti chake. Yeye hakumchapa mtoto hata mmoja. Aliulizwa lile swali aliloulizwa Eli: Ulipojua, ulizuia?

Na hilo halikuwa la pekee. Askofu Peter Ball alipokamatwa mwaka 1992 kwa kuwadhulumu vijana waliokuja kwake kutafuta njia ya utakatifu, barua saba zilifika katika ofisi ya Askofu Mkuu wa wakati ule, zikieleza mambo aliyoyafanya. Polisi walipewa moja tu. Mwaka 1993 Ball alipewa onyo, akaacha uaskofu, lakini baadaye akaruhusiwa kuendesha ibada tena. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla hajafungwa, mwezi wa Oktoba 2015, kifungo cha miezi 32. Wakati huo kijana aliyekuwa wa kwanza kumshtaki alikuwa amekwisha kujiua. Tume huru iliyoundwa na serikali ya Uingereza iliandika mwaka 2020 kwamba tangu miaka ya 1940 hadi 2018, watu 390 waliokuwa makasisi au wenye vyeo vya kuaminiwa katika Kanisa lile walihukumiwa mahakamani kwa makosa ya uasherati juu ya watoto. Hao ni wale waliofika mahakamani tu.

Kwa nini twasema mambo haya redioni? Si kwa sababu twafurahia aibu ya ndugu zetu wa Uingereza. Twayasema kwa sababu zile njia walizozitumia kuficha, twazijua. Hata hapa petu mchungaji huhamishwa usiku parokia ya mbali, na Wakristo wa huko hawaambiwi kwa nini. Hata hapa petu wazee hukaa chini ya mti na baba ya mtoto, mbuzi akatolewa, pesa zikahesabiwa, na mtoto mwenyewe hakuulizwa neno. Hata hapa petu mama huambiwa, "Ukisema, utalivunja kanisa."

Basi tuyatazame maneno ambayo watu huyainua kama ngao ya kumkinga mkosaji, tuone kama kweli ni Neno la Mungu.

Neno la kwanza ni hili: kwamba mtu asimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Wanaolisema hulitoa katika Zaburi ya 105. Lakini isomeni Zaburi hiyo kuanzia aya ya 12. Ni akina nani ambao Mungu akataza wasiguswe? Ni Ibrahimu na Isaka na Yakobo, wakati walipokuwa wachache, wageni katika nchi, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Na ni nani wanaokemewa? Ni wafalme! Neno hili Mungu alilisema kuwalinda wanyonge mbele ya wenye nguvu. Leo mwenye nguvu amelichukua, analitumia kujilinda mbele ya mtoto. Katika jambo hili, asiyepaswa kuguswa ni mtoto.

Wengine humtaja Daudi aliyekataa kumwua Sauli pangoni. Ni kweli, hakumwua. Lakini kumbukeni kwamba alikata upindo wa vazi lake, akatoka nje, akamwita mfalme mbele ya jeshi lake lote, akamwonyesha ushahidi mkononi, akamwomba Mungu aamue kati yao. Kutomwua mtu ni jambo moja. Kumnyamazia ni jambo lingine kabisa.

Neno la pili ni juu ya mashahidi. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo, katika waraka wa kwanza, mlango wa tano, kwamba shtaka juu ya mzee wa kanisa lisipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu. Basi mtoto akija, huulizwa, "Mashahidi wako wako wapi?" Ndugu zangu, ni mkosaji gani wa namna hii atakayewaita mashahidi wawili waje kumtazama? Tena wanaoisoma aya ya 19 wengi hawafiki aya ya 20 na ya 21, ambapo Mtume aagiza kwamba wazee watendao dhambi wakemewe mbele ya wote, na kwamba pasiwe na upendeleo hata kidogo.

Na Torati yenyewe yajua kwamba liko kosa lisilo na shahidi. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, aya ya 25 hadi ya 27, Musa asema juu ya msichana aliyeshikwa kwa nguvu shambani. Alilia, wala hapakuwa na mtu wa kumwokoa. Je, Torati yamwambia alete mashahidi? La. Yaamini kilio chake ambacho hakuna aliyekisikia, na yalifananisha jambo lake na la mtu aliyeshambuliwa na mwuaji. Sheria ya Kenya nayo yafuata njia hiyo. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 124, yasema kwamba katika makosa ya namna hii mahakama yaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyedhulumiwa peke yake, ikiwa hakimu ameridhika kwamba mtoto asema kweli, na ameandika sababu zake. Itakuwaje basi hakimu wa serikali amsikilize mtoto, na baraza la kanisa limfukuze?

Neno la tatu ni msamaha. Mtoto huambiwa, na mama yake huambiwa, "Sisi ni Wakristo, yatupasa kusamehe." Wapendwa, msamaha ni lulu, wala hatuwezi kuishi bila huo. Lakini msamaha si kitambaa cha kufunika shimo ambalo watoto wengine watatumbukia. Mkumbukeni yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana wetu. Alisamehewa siku ile ile, akaahidiwa Paradiso. Je, alishushwa msalabani? Hakushushwa. Na yeye mwenyewe alikiri kwamba adhabu yake ilikuwa ya haki. Naye Zakayo alipotubu hakuimba tu, alirudisha mara nne. Mtumishi aliyemnajisi mtoto akitubu kweli kweli, njia ya toba yake yapita kituo cha polisi. Na mtoto asilazimishwe kutamka msamaha mbele ya wazee ili watu wazima wapate kurudi nyumbani mapema.

Neno la nne ni jina la kanisa. Watu huogopa kwamba jina la Kristo litatukanwa. Lakini tazameni mwisho wa habari za Eli katika mlango wa nne. Sanduku la agano lilichukuliwa na Wafilisti, wana wake wawili walikufa siku moja, naye akaanguka kutoka katika kiti chake akafa. Wangalizuiwa mapema, nani ajuaye? Kunyamaza hakukulinda utukufu wa Mungu huko Shilo. Wala hakukulinda huko Uingereza. Kidonda kilichofunikwa hakiponi, huoza ndani kwa ndani.

Huenda mwingine auliza, "Na kama mchungaji amesingiziwa?" Ni swali la haki, nasi hatulidharau. Uongo juu ya mtu ni dhambi, na Amri ya Tisa yatukataza kushuhudia uongo. Ndiyo sababu jambo hili lapaswa kupelekwa kwa watu wenye ujuzi wa kupeleleza, na si kuamuliwa kwa minong'ono baada ya ibada. Mtumishi aliyeshtakiwa na apumzishwe kazini wakati uchunguzi unapoendelea. Kupumzishwa si kuhukumiwa. Na asiwe na neno lolote la kusema na mtoto yule wala na jamaa yake mpaka mambo yaishe. Mtumishi asiye na hatia atapata faida zaidi kwa uchunguzi wa wazi kuliko kwa uvumi utakaomfuata maisha yake yote.

Sasa tuje katika mambo ya kufanya. Tuseme, kwa mfano, msichana wa miaka 13 arudi nyumbani kutoka katika darasa la Kipaimara. Siku hizi hataki kwenda. Jumamosi ikifika tumbo lamuuma. Jioni moja, akiwa anaosha vyombo pamoja na mama yake, asema neno moja tu, kisha anyamaza. Mama afanye nini?

Kwanza, amsikilize. Asipige kelele, asimpige, asimwambie kwamba anamsingizia mtu wa Mungu. Amwambie, "Umefanya vema kuniambia. Kosa si lako." Asiape kwamba atalificha jambo lile, maana hataweza kuitimiza ahadi hiyo. Wala asimwulize maswali mengi juu ya mambo yale tena na tena, kwa kuwa wako watu waliofundishwa kazi hiyo.

Pili, ikiwa jambo limetokea karibuni, mtoto asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe. Apelekwe hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa moja ina thamani. Daktari ataandika aliyoyaona, na maandishi hayo yatakuwa shahidi.

Tatu, jambo liandikishwe katika kituo cha polisi, mama apewe nambari ya kitabu cha matukio na fomu ya P3. Vituo vingi siku hizi vina dawati la jinsia, ambapo mama aweza kusema bila watu wote kumsikia. Na kama hajui aanzie wapi, apige simu nambari 116. Hiyo ni simu ya kuwasaidia watoto katika Kenya. Hailipiwi, na hupokewa usiku na mchana. Hata mtoto mwenyewe aweza kuipiga.

Nne, baba asikubali mbuzi wala pesa. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 yasema kwamba uamuzi wa kuisimamisha kesi ya namna hii hauko mikononi mwa jamaa, wala wazee, wala askari. Uko mikononi mwa mkuu wa mashtaka ya serikali. Sheria hiyo hiyo yaeleza kwamba anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hukumu yake ni kifungo cha maisha, na yataja kuwa kosa la peke yake kitendo cha mtu aliyeaminiwa kuutumia uaminifu huo vibaya. Mbuzi atachinjwa ataliwa siku moja. Mtoto ataibeba siku ile mpaka uzee wake.

Nanyi wazee wa kanisa, akina mama wa Umoja, walimu wa Shule ya Jumapili, ninyi si watazamaji. Baraza la kila parokia na liwe na mtu au wawili wanaojulikana kwa majina, ambao mtoto au mzazi aweza kuwaendea, na mmoja wao awe mwanamke. Mtu asifundishe watoto akiwa peke yake katika chumba kilichofungwa. Kambini, mtu mzima asilale na watoto chumba kimoja peke yake. Anayetaka kufanya kazi na watoto alete cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, hata akiwa mtoto wa askofu. Na mtumishi akija kutoka mahali pengine, msifurahie sauti yake tu. Ulizeni kule alikotoka. Mkutano wa Baraza la Makanisa ya Kianglikana ulimwenguni, uliofanyika Lusaka mwaka 2016, ulikubali utaratibu wa makanisa kuambiana habari za mtumishi anayehama kutoka nchi moja hadi nyingine, kama afaa au hafai. Wavulana wa Zimbabwe walikosa ulinzi wa namna hiyo, na mmoja wao hakurudi nyumbani.

Kwenu maaskofu na wachungaji wenzetu twasema kwa heshima. Twapenda kuwasomea Wakristo Waebrania 13:17, ili wawatii viongozi wao. Basi tuisome mpaka mwisho. Aya hiyo yasema pia kwamba viongozi watatoa hesabu. Na Bwana wetu, katika Mathayo 18, hakuweka jiwe la kusagia shingoni mwa mtoto aliyesema. Aliliweka shingoni mwa mtu mzima aliyemkosesha. Hatukupewa watoto hawa kwa sababu ya wema wetu. Wazazi wao waliwaleta, kama Hana, wamewavika nguo safi za Jumapili, wakatuachia. Mchungaji anayekataa kuulizwa juu yao hajaielewa kazi yake. Na askofu anayepokea barua yenye habari kama hizo, asiitie katika saraka ya meza. Polisi waipate kabla jua halijatua.

Lakini turudi Shilo kidogo, maana hatujamaliza. Usiku ule taa ya Mungu ilikuwa haijazimika bado. Macho ya Eli yalikuwa yamefifia. Mungu alikuwa na neno juu ya uovu wa makuhani, na alimtafuta mtu wa kulipokea. Hakumwendea mzee yeyote wa Israeli. Alimwita mtoto kwa jina lake. Na asubuhi Samweli aliifungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida, akaogopa kusema. Ni mtoto gani asiyeogopa? Alikuwa na neno juu ya watu wakubwa, na aliyepaswa kuambiwa alikuwa baba yao.

Ndipo Eli, pamoja na makosa yake yote, akafanya jambo moja jema. Alimwita akisema naye kama baba na mwanawe. Akamtaka asimfiche neno lolote. Na Samweli alipokwisha kusema yote, Eli hakumpiga, hakumwita mwongo, hakumfukuza hekaluni. Alikubali kwamba neno lile latoka kwa Bwana. Likamwumiza, naye akalipokea. Yeye aliyeshindwa kuwazuia wanawe, hata hivyo alimsikiliza mtoto. Je, kanisa letu litashindwa kufika hata pale alipofika Eli?

Na wewe mtoto unayesikiliza pamoja nasi, neno letu la mwisho ni lako. Ikiwa mtu mkubwa, hata akiwa mchungaji, au mwalimu wa kwaya, au mjomba, amekugusa au kukufanyia jambo linalokuumiza au kukuaibisha, na amekuambia usiseme, yeye ndiye aliyekosa. Wewe hukukosa. Mungu hakumtuma. Mwambie mama, au nyanya, au mwalimu shuleni. Wa kwanza asipokuamini, mwambie wa pili. Wa pili asipokuamini, mwambie wa tatu. Samweli naye aliitwa mara nyingi kabla Eli hajafahamu. Usichoke kusema.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyemwita Samweli usiku akiwa mtoto, wasikie watoto wanaolia leo mahali ambapo hakuna amsikiaye. Uwape akina mama moyo wa kuamini, na akina baba mikono isiyopokea rushwa. Uwape wazee na maaskofu ujasiri wa kuuliza, na wapelelezi na mahakimu haki isiyoyumba. Wale waliodhulumiwa zamani, ambao sasa ni watu wazima na hawajamwambia mtu, uwafungulie mlango. Wale waliotenda maovu na kujificha katika nyumba yako, uwatoe nje nuruni, wakiri na kuhukumiwa, ili roho zao zipate kuokolewa. Nasi uliotuweka kuwa wachungaji, utukumbushe kila siku ya kwamba kondoo hawa ni wako, na kwamba utawadai mikononi mwetu. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Mchungaji Mwema. Amina.

Mungu awabariki. Kwaherini.